Mama wa Huyo Mtoto Alikuwa Nani?

Watu wangu, leo hakuna mambo ya mpira wala bei ya unga. Niko na swali moja tu, na naomba kila anayesoma hii, awe hapa Lucky Summer, awe Dandora, awe Kilifi, ajijibu moyoni kabla hajaendelea. Mama yake babu yako aliitwa nani? Sijauliza baba yake. Nimeuliza mama yake.

Wengi tutakwama hapo. Ukoo tunaujua, mlango tunaujua, hata mlima alikoshukia babu wa kwanza tunaujua. Lakini akina mama tunawaruka kama mtaro.

Kwa familia nyingi huo ni usahaulifu wa kawaida. Lakini kuna familia pwani ambazo zilimiliki mashamba na watumwa, na kwao kusahau mama hakukuja hivi hivi. Kulikuwa na sheria nyuma yake, na kulikuwa na mali. Nataka niseme waziwazi: ugomvi mwingi wa leo wa Mwarabu na Mwafrika, wa mwenye shamba na skwota, ni ugomvi wa watu wa damu moja ambao hawajui ni wa damu moja, kwa sababu jina la mama mmoja lilifutwa.

Sasa, mbona mimi wa Eastlands nimeamka na habari za pwani? Kuna klipu ilizunguka sana kwa simu zetu huku mtaani. Dada mmoja Mmarekani mweusi alipima damu yake kujua asili, majibu yakamletea binamu Wazungu kibao, wenye jina la ukoo sawa na lake. Jina lenyewe lilikuwa la mwenye shamba la pamba aliyemmiliki bibi yake. Hapa kwa kinyozi watu waliiangalia wakatikisa vichwa. "Hao Wazungu walikuwa wanyama." "Manze, ati unamzalia mtu halafu anakuuzia mtoto?" Halafu jamaa mmoja akafunga mjadala: "Shukuru Mungu, hizo ni mambo za Marekani."

Hapo ndipo nilipoweka simu chini. Hapana, bro. Hizo si za Marekani pekee yake.

Tuanze huko huko Marekani, maana ndiko wengi mmeangalia filamu zake. Mwaka 1662 jimbo la Virginia, ambalo wakati huo lilikuwa koloni la Uingereza, lilipitisha sheria fupi yenye sumu ndefu: mtoto hufuata hali ya mama yake. Mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, hata baba akiwa ndiye mwenye shamba. Fikiria hiyo sheria inamwambia nini mwenye shamba. Inamwambia kwamba akimlazimisha mwanamke anayemmiliki, hana hasara yoyote. Tena anaongeza mali.

Thomas Jefferson, yule aliyeandika kwamba binadamu wote wameumbwa sawa, alizaa na mwanamke aliyemmiliki, Sally Hemings. Na huyo Sally alikuwa nusu-dada wa mke wa Jefferson, kwa sababu baba mkwe wake naye alikuwa amezaa na mtumwa. Yaani shemeji yake ndiye alikuwa mali yake. Familia ya Jefferson ilikana kwa karibu miaka 200. Mwaka 1998 kipimo cha vinasaba kikaunga mkono yale wajukuu wa Sally walikuwa wakisimuliana miaka yote, na mwaka 2000 wasimamizi wa nyumba yake ya Monticello wakakubali kwamba yaelekea ndiye baba wa watoto hao.

Huko ni huko. Turudi nyumbani.

Malindi ya leo, ya hoteli na ya Wataliano, katikati ya karne ya 19 ilikuwa magofu. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 Sultani Majid wa Zanzibar aliifufua kama mji wa mashamba. Waarabu wa asili ya Oman, Washihiri, na Waswahili wa Lamu na kwingineko walichukua ardhi, wakapanda mtama, ufuta na mahindi, nafaka ikapakiwa majahazi kwenda Uarabuni. Takaungu ilishikwa na akina Mazrui, waliotawanyika baada ya Sayyid Said kuwanyang'anya Mombasa mwaka 1837. Wengine wa nyumba hiyo hiyo walienda Gazi. Unguja na Pemba ilikuwa ni karafuu.

Nani alilima? Maelfu ya watu walioletwa kwa nguvu, wengi kutoka pande za Ziwa Nyasa kupitia Kilwa. Wayao, Wangindo, na wengine wengi ambao pwani iliwaita tu "Wanyasa". Kwa hivyo shamba la pwani lilikuwa na mwenyewe, lilikuwa na msimamizi, lilikuwa na watwana na wajakazi. Na ndani ya nyumba ya mwenyewe kulikuwa na mtu wa nne ambaye hatupendi kumtaja. Suria.

Suria ni mwanamke anayemilikiwa ambaye bwana wake amemweka ndani. Hakuna posa, hakuna mahari, hakuna mtu wa kumuuliza kama anataka. Sheria ilisema kwamba ukimmiliki, basi. Lakini hapa sheria ya pwani iliachana na ile ya Virginia. Suria akizaa na bwana, na bwana akakubali kwamba mtoto ni wake, mtoto huyo ni huru. Ni sawa na ndugu zake wa mke wa ndoa. Anarithi. Anachukua jina la baba na la ukoo mzima hadi Oman. Na mama yake hawezi tena kuuzwa, na bwana akifa yeye anakuwa huru.

Na hii haikuwa ya pembeni pembeni. Sayyid Said mwenyewe, aliyehamishia kiti chake Zanzibar, alipokufa mwaka 1856 aliacha watoto hai 36, na wote walikuwa wa masuria. Majid aliyeifufua Malindi alikuwa mtoto wa suria. Barghash, aliyefunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza, mama yake alikuwa Mhabeshi, suria. Yule binti mfalme Salme, aliyetoroka mwaka 1866 akaolewa na Mjerumani akaandika kitabu cha maisha yake mwaka 1886, mama yake alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkesi, alitekwa vitani akiwa mtoto mdogo. Yaani karibu nasaba nzima ya kifalme ya Zanzibar imepita kwenye matumbo ya wanawake walionunuliwa.

Sasa ukiziweka hizi sheria mbili kando kando, utasema ya pwani ilikuwa nafuu. Kwa mtoto, ndiyo. Sibishani na hiyo. Mtoto wa Sally Hemings alizaliwa mtumwa, mtoto wa suria aliweza kuwa sultani. Hiyo si tofauti ndogo.

Lakini hebu angalia ni nani analipia hiyo nafuu. Virginia ilimpa mtoto hali ya mama ikamnyima baba. Pwani ilimpa mtoto baba, na bei ikawa ni mama. Ili huyo mtoto awe Mwarabu kamili, muungwana wa kusimama mbele za watu, ilibidi upande wa mama ufe kimya. Ndugu zake mama, wajomba, mababu wa Nyasa, lugha yao, majina yao, vyote viliwekwa nje ya mlango. Na kumbuka masharti: lazima baba akubali. Akikana, yule mtoto anabaki mtumwa kama mama yake. Heshima yote ilitegemea mdomo wa mwanaume mmoja.

Hata lugha tunayoongea ina alama za hiyo nyumba. "Mjinga" lilikuwa jina la mtumwa mgeni aliyeshushwa juzi, hajui Kiswahili wala adabu za mji. "Mzalia" ni yule aliyezaliwa hapa hapa utumwani, huyo alikuwa juu kidogo. "Muungwana" ni mtu huru, na hadi leo ukimsifu mtu kwa tabia nzuri unamwita muungwana. "Kustaarabika" ndani yake kuna Mwarabu. Ukimwita mwenzako mjinga hapa steji kwa sababu amepanda gari la kwenda kwingine, unatumia neno la sokoni ambalo walipewa watu walioshuka jahazini wakilia. Sisemi tuache Kiswahili. Nasema Kiswahili kinakumbuka kutuzidi.

Nitasema na langu, kwa sababu si haki nizungumzie za watu peke yake. Nyanya yangu mzaa mama ni wa huko kaskazini mwa Malindi. Ukimkalisha chini na chai ya tangawizi atakutajia baba yake, babu yake, na baba wa babu yake, hadi majina saba, bila kuvuta pumzi. Majina mazuri, ya bin fulani bin fulani, na mwisho kuna jina la ukoo ambalo sitaliandika kwa sababu si langu peke yangu. Lakini ukimuuliza mama yake baba yake, anapunguza sauti. "Huyo alikuwa wa Nyasa." Basi. Kuna jina alilopewa alipofika pwani, hilo tunalo. Jina alilopewa na mama yake mzazi hakuna anayelijua. Kijiji hakuna anayekijua. Alikuwa mtu mzima aliyezaa watoto wa nyumba ile, akapika, akazika, akazikwa, na kwenye kumbukumbu ya ukoo ameacha neno moja la mahali.

Na jambo ninalotaka mlishike ni hili. Hakuletwa peke yake. Waliokuja naye, ama waliokuja kama yeye, hawakuingia ndani. Walibaki shambani. Nao walizaa, na watoto wao wakazaa. Kwa hivyo leo nikienda ushago Desemba, upande mmoja wa barabara kuna nyumba ya mawe ya watu ninaowaita mjomba. Upande wa pili kuna nyumba za udongo na makuti, za watu ambao mababu zao walikuwa wajoli wa mama yule yule. Tofauti yetu ni kwamba mwanamke mmoja aliitwa ndani na mwingine hakuitwa.

Hizo nyumba za makuti hazina hatimiliki. Na hapo ndipo hadithi inaacha kuwa ya zamani.

Angalieni tarehe. Utumwa kwenye pwani yetu ya Kenya ulifutwa kisheria mwaka 1907. Serikali ya Kiingereza ililipa fidia. Kwa nani? Kwa wenye watumwa. Aliyelima bure miaka 30 hakupewa hata jembe. Mwaka mmoja tu baadaye, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi: kila anayedai ardhi pwani aje na ushahidi wake, na isiyodaiwa na mtu iwe ya Serikali ya Mfalme wa Uingereza. Nani alikuwa na karatasi, mashahidi, na lugha ya kusimama mbele ya afisa? Wenye mashamba. Salim bin Khalfan, aliyekuwa liwali wa Malindi kisha wa Mombasa, alikuwa miongoni mwa wenye ardhi wakubwa kabisa. Mahuru, yaani watumwa walioachwa huru, hawakuwa na cha kuonyesha isipokuwa mikono. Wamijikenda waliokuwa wakilima pale pia wengi waliachwa nje. Yaani mwaka 1907 waliambiwa "mko huru", na mwaka 1908 wakaambiwa "lakini hapa si kwenu".

Toka hapo wakawa maskwota. Unaweza kukaa, ulime mahindi, ulime muhogo, pengine ulipe ijara kidogo. Lakini usipande mnazi. Mjue hiyo maana watu wa Nairobi huwa hawaielewi. Pwani mti una mwenyewe hata kama ardhi ni ya mwingine, na mnazi unaishi miaka mingi kuliko mtu. Ukipanda mnazi umeanza kudai. Kwa hivyo mwenye shamba anakuruhusu kitu cha msimu, anakukataza kitu cha kudumu. Familia inakaa mahali vizazi vinne na haina ruhusa ya kupanda mti. Mimi sijui mateso ya polepole kuliko hayo.

Na hii imefika hadi bungeni na mahakamani katika Kenya huru. Ardhi ya akina Mazrui kule Takaungu iliwekewa sheria yake maalum mwaka 1914, Bunge likaifuta mwaka 1989, na familia ikaenda kortini. Kila upande una machungu yake ya kweli. Mmoja anasema babu yangu aliniachia. Mwingine anasema babu yangu alizikwa hapa. Hakuna anayesema: bibi zetu walifika na jahazi moja.

Najua mtakachonijibu. Nitachukua majibu mawili, kwa sababu yote nimeyasikia na yote yananikera.

La kwanza huja kutoka kwa watu wa pwani wenyewe, hasa wale wa nyumba za mawe: "Utumwa wetu haukuwa kama wa Wazungu. Ulikuwa wa upole. Walikuwa kama watu wa nyumbani." Sawa. Kama ulikuwa wa upole, watoro walikuwa wanatoroka nini? Maana walitoroka kweli, kwa wingi, hadi wakajenga vijiji vyao msituni, kama Fuladoyo nyuma ya Takaungu. Wengine walijificha kwenye misheni ya Rabai. Walikuwa wengi hadi mabwana wakatishia vita, na kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani ikabidi ilipe. Tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa karatasi za uhuru. Watu zaidi ya 1,400 hawakimbii upole. Na mtaniwia radhi, pesa zile tena zilienda kwa mabwana.

Na kama suria alikuwa "kama mke", tuulize mbona sheria yenyewe haikumwamini hivyo. Zanzibar ilipotangaza mwisho wa hali ya utumwa mwaka 1897, masuria waliachwa nje. Mtumwa wa shambani aliweza kwenda kuomba uhuru wake. Suria hakuweza, ila akithibitisha ametendewa ukatili. Waingereza waliogopa kuwaudhi wakubwa kwa kugusa nyumba zao. Masuria walingoja hadi 1909. Miaka 12 zaidi, kwa sababu tu walikuwa "wa ndani". Mke gani huyo ambaye kumwacha aende kunahitaji amri nyingine ya serikali?

Hata Salme, mtoto wa suria, kwenye kitabu chake aliutetea utumwa wa kwao akisema haufanani na wa Marekani. Simlaumu sana. Aliandika akiwa mbali, mpweke, kati ya watu waliomdharau kwao. Lakini inaonyesha venye hii kitu inafanya kazi: mtoto aliyepewa jina la baba anailinda nyumba ya baba, hata kama mama yake aliingia humo akiwa mateka.

Jibu la pili huja kutoka huku kwetu bara, na lina hatari zaidi: "Kumbe Waarabu ndio waliuza watu wetu! Warudi kwao." Hapa naomba tusimame. Kwao wapi? Mtu ambaye mama wa babu yake ni Myao, na mama wa baba yake ni Mgiriama, unamrudisha wapi? Ukimtoa Mwarabu wa Malindi kwa ajili ya kulipiza kisasi cha yule mwanamke wa Nyasa, utakuwa umemfukuza mjukuu wa yule mwanamke wa Nyasa.

Tushaona mwisho wa hiyo njia. Tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yalitokea Zanzibar. Kulikuwa na dhuluma ya kweli ya ardhi na ya madaraka, hilo sikatai. Lakini maelfu waliuawa kwa kuitwa Waarabu, na wengi wao walikuwa na bibi Waafrika kama mimi nilivyo naye. Halafu mwaka 1970, wasichana wenye asili ya Kiajemi walilazimishwa kuolewa na wakubwa wa serikali, na ilisemwa huo ni mwisho wa ubaguzi. Oneni hiyo vizuri. Waliosema wamekuja kumaliza nyumba ya masuria, walimchukua msichana kwa nguvu wakamweka ndani. Mlango umebadilisha mwenyewe tu. Kisasi kisichojua jina la mama hurudia kosa la baba.

Tena dhambi hii haina kabila moja wala dini moja. Waswahili walimiliki watu. Wareno walimiliki watu. Wakristo wa Virginia walibeba Biblia mkononi. Uislamu ulihimiza kumwacha mtumwa huru kama ibada, na wengi walifanya hivyo, na wengi wengine walizika hiyo aya pamoja na marehemu. Na ukitaka kujua kwamba nasaba si hukumu, mkumbuke Profesa Ali Mazrui, mtoto wa nyumba ile ile ya Mombasa. Mwaka 1992 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulimteua kwenye jopo la watu mashuhuri wa kudai fidia ya utumwa. Damu hukupa deni. Utalilipa ama hutalilipa, hiyo ni juu yako.

"Lakini sisi wa Lucky Summer hiyo inatuhusu nini?" Inatuhusu. Pumwani, hapo tu, mtaa mkongwe wa Eastlands ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ulikuwa na watu wa pwani na wapagazi wa safari tangu siku za kwanza, na Kiswahili chao ndicho mizizi ya Sheng tunayopigia kelele leo. Na kitu cha kupendeza, katika vijiji vile vya kwanza vya Nairobi wanawake wengi walijenga nyumba kwa majina yao wenyewe, wakazirithisha. Kwa hivyo hapa Eastlands tuna historia ya wanawake waliokataa kupotea. Halafu sisi wenyewe huku tunaishi kwa vyumba vya kupanga, kwa ploti ambazo wengine hawajui karatasi yake iko kwa nani, na tingatinga likija hatuulizwi tumezika nani. Skwota wa Kilifi na mpangaji wa Eastlands wanaelewana bila mkalimani.

Sasa nataka nini? Mambo matatu, na hayahitaji pesa za wafadhili.

Moja, kwa familia zenye majina makubwa ya pwani. Wekeni akina mama kwenye shajara. Mkiandika ukoo, msiandike "bin, bin, bin" mkaruka nusu ya damu yenu. Kama jina lake la kwao limepotea, andikeni lile mlilompa, na mwandike kwamba alinunuliwa. Hamtapungukiwa heshima. Jefferson bado yuko kwenye pesa ya Marekani, na Sally ana chumba chake Monticello. Nyumba haikuanguka.

Mbili, kwa serikali, ya taifa na ya kaunti. Mnapogawa ardhi pwani, msihesabu kuanzia 1908. Mkianza na mwaka huo, mtapata jibu lile lile la afisa wa Mwingereza. Wasikilizeni wazee wa nyumba za makuti waonyeshe makaburi. Ukoo uliolima mahali kabla ya hati na baada ya hati una haki ya kupanda mnazi, angalau.

Tatu, kwetu vijana. Filamu za pamba za Marekani tuangalie, sawa. Lakini mwenye kuweza kumwambia Sally Hemings ni nani, aweze pia kumwambia mtu suria ni nani, mjoli ni nani, na 1907 ilikuwa nini. Shule ilitupa misafara na misheni, ikatuachia nyumba ya ndani ikiwa giza.

Nyanya yangu ana miaka mingi na simu yake ni ya kitufe, hii posti hataiona. Lakini wiki iliyopita nilimpigia nikamuuliza tena habari za yule wa Nyasa. Akanyamaza, halafu akanipa kitu kipya: alikuwa akitwanga, alikuwa akiimba kwa lugha ambayo watoto wa nyumba hawakuielewa, na akiulizwa maana yake alikuwa anacheka tu. Nimeandika. Ni sentensi moja, lakini jana haikuwepo.

Wewe pia piga simu leo, kabla bando haijaisha na kabla mzee wako hajalala. Usiulize sisi ni wa ukoo gani, hiyo washakwambia mara mia. Uliza mama yao alikuwa nani, alitoka wapi, na alikuja kwa hiari yake ama hapana. Ukipata jina, hata nusu ya jina, liandike hapa chini. Nitayasoma yote.